Gundi Isiyo na Mwarobaini

Ndugu zangu na mama zangu, ejok, nawasalimu kwa Kiturkana. Mwenyekiti ameniomba nizungumze kwa ufupi, na mnajua mwalimu akipewa nafasi ya kusema hata kengele haisikii. Nitajaribu. Mungu ameniacha hai mpaka Jumapili hii, na sina shukrani nyingine ya kumpa ila kusema ukweli mbele yenu. Humu ndani sote tumefiwa, ndiyo maana ya kikundi hiki, kwa hiyo sitawaeleza kufiwa ni nini. Nitawaeleza nilivyompoteza mke wangu mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa mikono yangu mwenyewe.

Wengi mnanijua tangu nilipokuwa nafundisha hapa Lodwar. Tulikuja mimi na yeye kutoka upande wa Bungoma, watu tuliozoea mvua na mahindi, na wiki ya kwanza jua hili lilitutoa machozi. Baadaye kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikafunguliwa. Enzi hizo hema zilikuwa nyingi kuliko nyumba. Nikapata kazi huko ya kutunza chumba cha kusomea: kuta za mabati, meza moja na katoni za vitabu vya msaada. Mke wangu hakuajiriwa, lakini ndiye aliyekiendesha. Mimi nilikuwa mtu wa kufungua mlango tu.

Watu walikuja, Wasudani, Wasomali, Waturkana wa pale mjini. Wanasimama mbele ya katoni na kuniuliza, "Mwalimu, hapa gani iko tamu?" Nami nawajibu kwamba vyote ni vizuri. Mke wangu akaniambia huo ni uongo wa mwenye duka. Akachukua karatasi, akaandika kwa kalamu ya buluu kitabu kimoja kinahusu nini, wapi kimempendeza na wapi kimemchosha. Mimi nikaandika chini yake kwa nyekundu, kalamu ya mwalimu, kwamba sikubaliani naye hata kidogo. Tukaibandika ukutani. Kesho yake watu wakasoma ugomvi wetu, wakacheka, na kile kitabu kikaazimwa siku hiyo hiyo.

Basi tukaendelea hivyo. Kitabu kimoja, karatasi moja, buluu juu, nyekundu chini. Baada ya miaka minne kuta tatu zilikuwa zimejaa.

Gundi aliipika mwenyewe, unga wa ngano na maji kwenye sufuria. Na kila mara alitia majani ya mwarobaini aliyoyatwanga, gundi iwe chungu, mchwa na mbuzi wasiitamani. Ilinuka, na ilipenya karatasi ikaacha madoa ya kijani mpaka juu ya maandishi. Nilimlalamikia sana. Alikuwa ananijibu, "Wewe unataka karatasi ipendeze. Mimi nataka ikae."

Kisha akaugua. Homa ilianza Jumatatu, Alhamisi tukapata gari la kumleta hospitali hapa Lodwar, na Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa ameniacha. Nikampeleka nyumbani, nikamzika, nikarudi Kakuma peke yangu kwa sababu sikujua pa kwenda.

Nilipofungua kile chumba nilimkuta ukutani kote, mwandiko wake, maneno yake, kunipinga kwake. Nikasema hii ndiyo itakuwa kumbukumbu yake, na kumbukumbu ya mke wangu haiwezi kuwa na uchafu. Nikabandua kila karatasi kwa kitambaa chenye maji, nikafuta madoa kadiri nilivyoweza, nikazibandika upya kwenye vipande vya katoni safi nilivyovigongomea ukutani. Gundi nilipika ya unga mtupu, nyeupe, nikatia na sukari kidogo ishike vizuri. Siku tisa nilifanya kazi hiyo. Ndugu zangu, nawaambia, ilipendeza.

Wiki iliyofuata nikaja Lodwar kuchukua vitabu vipya. Komeo la mlango lilikuwa limevunjika, nikaufunga kwa kamba ya katani. Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali, huoni jani wala nyasi. Lori la kurudi likakosekana, nikakaa siku tatu. Nilipofika nilimkuta mbuzi mlangoni anatafuna kipande cha ile kamba. Ndani walikuwa kumi na mmoja.

Vitabu hawakuvigusa sana. Katoni zenye karatasi ndizo walizozimaliza, mpaka mabati yalikuwa yamelambwa yakang'aa. Nilikusanya vipande vya kujaza kiganja. Kimoja kilikuwa na neno "lakini" kwa buluu.

Naona mama pale anacheka. Cheka tu, mama, hata yeye angecheka. Mimi sikucheka. Niliketi chini kwenye mavi ya mbuzi nikalia vile ambavyo sikulia siku ya mazishi.

Kesho yake akaja mwenye mbuzi, mama wa Kiturkana, jirani yetu, shanga zimempanda hadi kidevuni, anavuta mbuzi jike wa maziwa. Kwa desturi yake alikuwa amekuja kuyamaliza kwa kunilipa yule mbuzi. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia ndani ya kanisa. Nilimwambia mifugo yake imemla mke wangu. Akanitazama, akageuka na mbuzi wake, akaenda zake.

Nikajifungia. Miezi miwili sikushika kitabu, nilikula nikikumbuka, na aliyebisha hodi nilimwambia chumba kimefungwa. Aibu yangu ni hii: nililaumu mbuzi, nikamlaumu yule mama, nikalaumu kiangazi na lori, na moyoni nilijua ni mimi. Mwarobaini ulikuwa hatua kumi kutoka mlangoni. Niliuacha kwa sababu ya madoa.

Siku moja mchana nikasikia mtu ameweka kigoda nje ya mlango wangu. Alikuwa yule mama, safari hii bila mbuzi.

"Mwalimu, ejok."

Nilifungua mlango nusu tu.

"Ile karatasi ya kitabu ya kijani," akasema, "ile ilikuwa karibu na dirisha. Unakumbuka?"

Nikamwambia kwa ukali, "Mama, wewe hujui kusoma."

"Mimi sijui. Bibi yako alinisomea. Nikileta maziwa, ananisomea karatasi moja. Yake na yako. Yako anasoma hivi." Akakunja uso, akatoa sauti nzito, ya kupanda na kushuka. Ndugu zangu, nilikuwa mimi kabisa. Ndivyo mke wangu alivyokuwa akiniigiza kwa majirani, na mimi sikujua.

"Ile ya kijani alisema, hii kitabu inaisha mbaya. Lakini soma. Ukimaliza, usikae peke yako, enda kwa jirani." Akajigusa kifuani. "Mimi ni jirani. Wewe hukuja, nimekuja mimi."

Kalamu yake ya buluu ilikuwa bado mezani, sikuwahi kuigusa. Nikaichukua, nikatoka, nikaketi chini karibu na kile kigoda, nikamwomba aseme tena polepole. Siku ile alinipa karatasi saba. Nikamwomba msamaha, akasema yule mbuzi yuko, bado ananingoja. Nikampokea. Ninaye mpaka leo, nimemfunga mbali na mlango.

Habari zikaenea. Akaja mzee wa Kisudani aliyekumbuka karatasi nne, wakaja wasichana wa Kisomali wawili wakabishana kuhusu moja. Tulipata sitini na kitu. Mwanzoni zilikuwa zaidi ya mia tatu. Sitawadanganya hapa kwamba kila kitu kilirudi. Nyingi zimekwenda, na mwandiko wake umekwenda wote, buluu iliyoko ukutani sasa ni mkono wangu. Kuna siku natazama ukuta ule na naumia upya.

Na kuna hili. Ile ya kitabu cha kijani, sikumbuki kama mke wangu aliandika hivyo. Nimejaribu sana. Nakumbuka aliandika kwamba kinaisha vibaya, hayo mengine siyakumbuki. Labda mama aliongeza. Sijamuuliza na sitamuuliza. Nimeyaandika kwa buluu kama alivyoyasema.

Namshukuru yeye, ambaye yuko Kakuma na mifugo yake wala hajui anatajwa hapa. Nawashukuru walioazima vitabu na kuyahifadhi maneno vichwani. Namshukuru dereva aliyembeba mke wangu hadi nyumbani, na ninyi mliokaa nami kwenye viti hivi nilipokuwa siwezi kusema neno. Karatasi mpya tunazibandika kwa mwarobaini. Zina madoa na zinanuka, anayeingia anaziba pua. Aliyekwenda, ndugu zangu, msimsafishe sana. Mwacheni na madoa yake, ndipo atakaa.

Nimemaliza. Leo mkitoka hapa, kabla ya kufika kwenu, piteni kwa jirani.