Benedict Nyamai Mutie, Fundi wa Rangi za Magari, Kabiro (1979–2025)

Kaka yangu, marehemu Benedict Nyamai, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 kijijini Mbiuni, Machakos, mtoto wa kwanza wa Mama Wayua na marehemu Mzee Mutie. Alisoma hapa nyumbani hadi darasa la nane, mwaka wa 1994. Sekondari haikuwezekana, naye hakukaa kuilia.

Mwaka wa 1996 alikwenda Nairobi kwa mjomba wetu, Kibera, akapata kazi gereji ya Mzee Shafi, Kabiro, kule Kawangware. Alianza kwa kusugua magari kwa msasa, kisha akakabidhiwa mashine ya kupuliza rangi. Alikuwa na maringo yake. Gari lililogongwa ubavu akishalipuliza rangi, alikuita uonyeshe palipogongwa, na ukishindwa alikucheka hadi jioni. Wenye magari walitoka mpaka mtaa wa Nyayo Highrise wakimtafuta yeye tu.

Tarehe 6 Desemba 2008 alifunga ndoa na Kalondu katika kanisa moja la Kibera. Alikuwa ameoga mara mbili, lakini thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ilikuwa imeingia ngozini. Mama mkwe alimkumbatia, akanusa, akauliza, "Huyu ni bwana harusi ama ni gari imetoka gereji?" Tulicheka sana siku hiyo. Walijaliwa watoto wawili, Alvin na Valary.

Kila jioni Mzee Shafi aliwanunulia mafundi maziwa, ati yanaosha kifua. Alifanya hivyo kwa moyo safi, na mhubiri mkuu wa maziwa hayo alikuwa Nyamai mwenyewe. Walijifunga leso puani, wakanawa mikono kwa petroli, wakanywa maziwa, wakaenda kulala bila wasiwasi.

Mwaka wa 2022 alianza kuumwa kichwa, kusahau, na kutetemeka mikono. Tukasema ni uchovu. Mwaka wa 2024 fizi zikatoka damu. Daktari alieleza kwamba uboho wa mifupa ulikuwa hautengenezi damu ya kutosha. Hakuapa chanzo ni nini, lakini alishuku ule mvuke wa thina na petroli wa miaka yote. Nyamai akauliza, "Na maziwa, daktari?" Akaambiwa maziwa huenda tumboni, na mvuke hupita mapafuni na kwenye ngozi, ukaingia kwenye damu.

Hapo ndipo kaka yangu alipokaza. Alirudi gereji, akaketi nje ya banda la kupulizia rangi, upande wenye hewa safi, na kila aliyeshika mashine bila barakoa yenye vichungi alizimiwa kompresa inayosukuma rangi. Mzee Shafi akalalamika, "Nyamai, unanichelewesha gari za watu, bwana." Akajibu, "Wacha zichelewe, Mzee. Hawa niliwafunza mimi, na niliwafunza vibaya." Mzee Shafi, ulikasirika, wote tulikuona. Kisha ukanunua barakoa na ukabomoa ukuta mmoja wa banda upepo upite. Tunakushukuru mbele ya watu.

Alitutoka asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2025, hospitalini, Kalondu akiwa amemshika mkono.

Nimesikia minong'ono kuhusu jeneza hili, ati ni mbao tupu, hata vanishi halina, familia imeshindwa. Hatukushindwa. Mafundi wenzake waliomba walipulizie rangi nyeupe ya lulu, kwa heshima yake. Nyamai alikuwa amekwisha kukataa. "Mtu asivute thina kwa sababu yangu," alisema, na hivyo ndivyo tulivyofanya.

Amewaacha mama yake, Wayua, mkewe, Kalondu, wanawe, Alvin na Valary, mimi dada yake, Kaluki, na Billy, rafiki aliyepuliza rangi bega kwa bega naye tangu 2003. Billy ana kizunguzungu tangu Pasaka, na fizi zake tunaziona. Alimwahidi Nyamai kwamba atakwenda kupimwa damu. Hajaenda, anasema anaogopa atakachoambiwa. Billy, hata sisi tunaogopa. Jumatatu asubuhi nitakuja kwako Kabiro, utavaa shati, tutakwenda pamoja. Usipofungua, nitabisha hadi majirani watoke.

Mungu ampumzishe Nyamai kwa amani. Sisi bado tuna kazi.