Mkunga wa Nchi Tatu

Ndugu na jamaa, majirani zetu, na nyinyi mliovuka mpaka tangu jana kuja kumsindikiza: familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kumsimulia dada yetu mbele yenu. Mimi ni fundi umeme, maneno si fani yangu. Lakini marehemu mwenyewe aliagiza, alipokuwa bado na nguvu za kutuamrisha, kwamba wasifu wake usiwe wa kumpamba. "Maiti hajibu," alisema, "ndiyo maana watu humsingizia hata mema." Basi nitasema yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya watano. Baba yetu alikuwa karani wa forodha na mama yetu mshonaji. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya maegesho ya malori, upande huu wa mpaka, lakini dada hakuzaliwa humo. Mama alikuwa amevuka kumsalimia wifi yake, shangazi yetu aliyeolewa upande wa pili, na uchungu ukamshika huko huko kikombe cha chai kikiwa mkononi. Siku hizo kizuizi kilikuwa kamba tu, na mlinzi aliwajua watu mpaka watoto wao. Baadaye kamba ikawa chuma, na dada akawa mgeni katika kila ofisi aliyoingia. Huku walimwambia amezaliwa kule. Kule walimwambia wazazi wake ni wa huku. Alikuwa akisema yeye ndiye mtu pekee anayefukuzwa na pande mbili kwa kosa moja la mama yake kupenda chai.

Shule ya upande wetu ilikuwa imefurika, kwa hiyo shangazi akamchukua, na dada akasoma shule ya msingi kule kuanzia mwaka 1959 hadi 1965. Asubuhi moja wakiwa mstarini, wenzake wote waliimba wimbo wa taifa lao, naye kwa sauti yake ile mnayoijua akaimba wa kwetu. Hakugundua mpaka ubeti wa pili. Mwalimu wa zamu akamwita mbele.

"Wewe, huo ni wimbo wa wapi?"

"Wa nyumbani, mwalimu."

"Na hapa ni wapi?"

Akafikiri kidogo. "Hapa pia nyumbani, mwalimu. Ila kwa shangazi."

Mwalimu alijitahidi kununa, akashindwa. Viboko vikasamehewa, lakini jina likamganda: wenzake wakamwita Nyimbo Mbili mpaka alipomaliza.

Alisoma sekondari upande wetu. Mwaka 1970 akaenda kusomea ukunga katika nchi ya tatu, ile ya nyuma ya milima, kwa kuwa kwetu nafasi hazikuwepo. Alihitimu Novemba 1973 akiwa miongoni mwa wa kwanza darasani. Aliporudi aliambiwa cheti chake hakitambuliki. Basi akaajiriwa kama mhudumu, akawa anafagia wodi aliyostahili kuifanyia kazi, mpaka alipofanya mtihani mwingine mwaka 1975 kuthibitisha kwamba anajua anachokijua. Hakulalamika sana. Alisema ufagio nao una mafunzo yake, mradi usikae nao muda mrefu.

Katika zahanati ile ya mpakani ndipo alipokutana na shemeji yetu, marehemu mumewe, fundi wa malori. Alikuja na kidole kilichobanwa na jeki. Kidole kikapona, yeye akaendelea kuja. Dada akamuuliza, "Leo tunatibu nini?" Akajibu, "Tunahakikisha hakijarudia." Walioana tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa binti mmoja na mwana mmoja. Shemeji alifariki mwaka 2009. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyejua kupika, kufua na kusuka nywele za binti yake, maana mkewe mara nyingi hakuwepo. Hilo nalo lisemwe. Binti yao alipokuwa mdogo alizoea kuuliza, "Mama anakuja kutembea lini?"

Sasa nieleze kilichompeleka dada mbali na nyumba yake.

Mwaka 1978 serikali ya kwetu na ile ya upande wa shangazi zilikuwa hazielewani, na mpaka ulikuwa mkali. Siku moja mchana dada alikuwa peke yake zamu, akapokea akina mama wawili wa kujifungua kwa pamoja, wote hali mbaya. Ng'ambo ya kizuizi, umbali wa kutupa jiwe, alikuwepo mkunga mwenzake waliyesoma darasa moja na kulala chumba kimoja kule nyuma ya milima. Dada akamtuma mtu kumwita. Yule mwenzake akaja mbio na mkoba wake mpaka getini. Ofisa akamwambia, bila ukali wowote, kwamba anaweza kuingia kama mgeni, lakini mkoba haupiti na kazi hawezi kufanya, kwa sababu leseni yake ni ya kule. Wakati wanabishana, mmoja wa wale akina mama, mke wa dereva wa lori, akafariki pamoja na mtoto wake. Mwenzake alikaa chini pale getini, mkoba mapajani, akalia kama aliyefiwa na ndugu. Mikono ya kumwokoa yule mama ilikuwepo, ikiwa imefundishwa na mwalimu yule yule. Ilizuiwa na karatasi.

Tangu hapo dada hakuwa na wimbo mwingine. Alitaka wakunga wa nchi tatu wafunzwe mahali pamoja, wapewe cheti kimoja, na cheti hicho kifunguliwe mlango kokote. Kwa miaka kumi alizunguka maofisi ya miji mikuu mitatu. Aliketi kwenye mabenchi ya korido mpaka wafagizi wakamzoea. Waziri mmoja alimwambia, "Mama, lazima uelewe kila nchi ina sheria zake." Dada akamjibu, "Naelewa, mheshimiwa. Lakini watoto wa nchi zote hutokea njia ile ile." Katibu muhtasi alilazimika kutoka nje ili acheke vizuri. Waziri alikohoa, akanywa maji, akasaini.

Chuo kilifunguliwa tarehe 6 Februari 1989 katika ghala la zamani la pamba, dada akiwa mkuu wake wa kwanza, na yule mwenzake wa getini akiwa makamu. Wengi wenu hapa mlilala ndani ya ghala lile. Mnakumbuka alivyopanga vitanda ili asilale mtu karibu na wa nchi yake. Mnakumbuka na yule mwanasesere wa gunia aliyeshonwa na mama yetu kwa ajili ya mazoezi, mwenye tumbo la kufungua na kufunga kwa vifungo, mliyemwita Mke Mwenza kwa sababu alikuwa kila siku na mimba na hakuna aliyejua ya nani. Kwa miaka tisa chuo kilitoa wakunga, na katika vijiji vya mpakani, pande zote tatu, akina mama wakaacha kufa kama walivyokuwa wakifa. Hilo hakuna serikali iliyolibishia.

Kilichovunja chuo hakikuwa uhasama peke yake. Ningependa kuulaumu uhasama na kukaa chini, lakini dada alikataza kupambwa.

Mwaka 1998 serikali zile mbili zilikosana tena, safari hii kwa sababu ya ushuru wa nafaka. Upande wa shangazi ukasema wanafunzi wao watabaki chuoni, ila watafanya mtihani wa kwao na kupata cheti cha kwao. Kikao kikaitishwa mwezi Machi. Mwenyekiti akapendekeza suluhu: darasa libaki moja, vyeti viwe vitatu, mpaka hali itulie. Mimi nilikuwepo kwa bahati tu, nilikuwa nimeitwa kutengeneza feni ya ukumbi, nikawa juu ya ngazi. Nilimwona makamu akimwinamia dada.

"Kubali, dada. Tushike hii nusu, nyingine tutaidai."

"Nusu ya nini?" dada akasema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia. "Vyeti vitatu ndivyo vilivyokukalisha wewe getini. Umesahau?"

"Sijasahau. Ndiyo maana nakwambia kubali."

Dada akakataa. Alisimama akasema ama cheti kimoja ama yeye hayumo. Alisema vizuri, wapo waliopiga makofi. Wiki mbili baadaye mabasi ya upande wa shangazi yakaja kuchukua wanafunzi wao, wakiwemo wa mwaka wa mwisho waliobakiza miezi michache. Wasichana walilia madirishani. Nchi ya milimani nayo, ikiona mambo yamekuwa hivyo, ikawaita wake. Kufika tarehe 30 Juni 1998 ghala lilikuwa na vitanda vitupu na Mke Mwenza peke yake mezani, vifungo wazi.

Siku ile makamu alimwambia neno moja tu: "Ulikuwa na haki, na tumefunga." Akavuka kwenda kwao. Hawakuzungumza tena. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze, na wote wawili walikuwa hodari wa kungoja. Mwaka 2011 habari zilitufikia kwamba makamu amefariki, na kwamba wameshamzika. Dada alikuwa akipepeta mchele. Akaendelea kupepeta mpaka ukaisha, kisha akaupepeta tena ule ule. Baadaye akaniambia, "Nilitaka ng'ombe mzima, nikakosa hata ukwato. Yule aliliona. Mimi nilikuwa naangalia pembe."

Mimi sijui nani alikuwa na haki. Nimelifikiria sana, na kila nikimpa mmoja, namwonea mwingine.

Dada alirudi kufanya kazi ya zamu katika zahanati ile ile ya mpakani mpaka alipostaafu mwaka 2006. Mwaka 2017 nchi mbili kati ya zile tatu, ya kwetu na ya milimani, zilitia saini mkataba wa kutambuliana vyeti vya wauguzi na wakunga. Upande wa shangazi ulisema bado unatafakari. Dada alialikwa kwenye sherehe, akaketi safu ya nyuma. Hotuba zilikuwa ndefu, chuo hakikutajwa. Tulipofika nyumbani alivua viatu, akavitazama, akasema, "Basi hata nusu ilikuwa inawezekana."

Miaka yake ya mwisho alijaribu kulipa deni la nyumbani. Alikwenda kukaa na binti yake, akajifunza kusuka nywele za wajukuu, akawa anawaumiza, nao wakavumilia. Binti anasema mama yake alimwomba radhi siku moja wakiwa jikoni, bila utangulizi, katikati ya kumenya vitunguu, hata hakujua machozi yale ni ya lipi. Wakakumbatiana na visu mikononi.

Ugonjwa wa moyo uligunduliwa mwaka 2021. Alitibiwa, akapata nafuu, akashindwa tena. Alilazwa tarehe 11 Agosti 2023. Miongoni mwa waliokuja kumwuguza ni mmoja wa wale waliopandishwa basi wakiwa mwaka wa mwisho. Alimalizia masomo yake kwao, na leo ndiye msimamizi wa wodi ya wazazi katika hospitali kubwa ya upande wa shangazi. Alichukua likizo, akavuka, akakaa kando ya kitanda.

Alasiri moja mkono wa dada wenye dripu ukaanza kuvimba. Yule mwanafunzi akauona kabla ya yeyote, akanyoosha mkono. Muuguzi wa zamu, kijana mwenye adabu, akamwahi: "Samahani, dada yangu. Wewe ni mgeni hapa, hairuhusiwi." Yule akarudisha mikono yake mapajani, akangoja kijana afanye. Kijana alichoma mara tatu ndipo akaupata mshipa.

Dada alikuwa akitazama yote. Kijana alipoondoka akamwita mwanafunzi wake karibu.

"Nani alikufundisha kushika mshipa?"

"Wewe, mwalimu."

"Basi nisamehe."

Yule mwanafunzi alisogea upande wa miguuni wa kitanda akaishika miguu ya mwalimu wake, akaanza kuikanda taratibu, kwa sababu miguu hakuna aliyeikataza. Dada akasinzia. Aliamka siku mbili zilizofuata, akazungumza na wanawe, akatuaga vizuri. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Septemba 2023, binti yake akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha binti, mwana, mkwe, wajukuu watano, na sisi wadogo zake watatu tuliobaki. Ameacha pia wakunga aliowafundisha, walioketi pale nyuma. Wametoka nchi zote tatu, na nilipowauliza niwaandike vipi katika karatasi hii, kila nchi na wake, walisema hapana. Wameomba waandikwe pamoja, upande wa watoto. Familia imekubali.

Dada yetu na apumzike kwa amani. Aliyoyaacha katikati yasipumzike.