Mwalimu Emerensiana Chitanda, Mama Aliyeomba Dawati

Wazee wetu, shikamooni. Watumishi wa Mungu, majirani na ndugu zetu mliotoka mbali, karibuni Mingoyo. Mimi ni Valentini Chitanda, mtoto wa tatu wa Mzee Eusebio, na familia imenipa kazi ya kusimulia maisha ya dada yetu mkubwa. Nitasoma polepole. Nikikwama, mnivumilie.

Mwalimu Emerensiana alizaliwa tarehe 3 Septemba 1970 katika kijiji cha Kitangari, wilayani Newala. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano wa Mzee Eusebio Chitanda na Mama Anjelina Mnungu, ambao wote wametangulia. Mwaka 1977 baba aliihamishia familia hapa Mingoyo, akalima ufuta na mihogo. Tangu udogo dada alikuwa na tabia moja iliyomsumbua mama: alikuwa hakosi msiba. Awe anamjua marehemu au hamjui, akisikia kilio mtaa wa pili atakwenda, na mama akimtafuta atamkuta ameketi katikati ya kina mama, anamenya mihogo. Mama alikuwa akimgombeza, "Wewe mtoto, wewe! Utakuja kuolewa msibani!"

Alisoma Shule ya Msingi Mingoyo kuanzia mwaka 1978 hadi 1984. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Alibaki nyumbani, akasaidia shambani, akajifunza kushona, na huku akijisomea mwenyewe kwa vitabu vya kuazima. Mwaka 1992 alifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu. Sisi kwetu ni Wakatoliki, na mwaka 1988 dada aliokoka katika mkutano wa injili uliofanyika Lindi mjini. Aliporudi, alimpa baba habari hiyo. Jioni alimwita, akamwambia, "Mungu ni yuleyule. Lakini Krismasi na Pasaka unakula hapa nyumbani." Dada aliitikia, na ahadi hiyo aliitimiza hadi baba alipofariki.

Maneno ya mama nayo yalitimia. Mwanzoni mwa mwaka 1993 tulifiwa na jirani, na aliyeitwa kusakafia kaburi alikuwa kijana fundi mwashi, Josephat Mandoa. Dada alimpelekea maji ya kunywa. Akasimama pale, akaangalia, akasema, "Fundi, kona hii imepinda." Josephat akatoa timazi yake akapima, kona ikawa imenyooka. Dada akasema, "Basi nimekosea. Kunywa maji." Walifunga ndoa tarehe 11 Desemba mwaka uleule. Mama alicheka tangu kanisani hadi ukumbini.

Sasa nieleze jinsi alivyoingia chuoni, maana wengi mnaijua nusu yake tu.

Januari 1994 kanisa la kiinjili walilosali lilimpeleka shemeji Josephat katika Chuo cha Biblia Mwangaza, hapa hapa Mingoyo, akasomee uchungaji. Kanuni ya chuo ilitaka mwanafunzi aje na mwenzi wake, na mwenzi ahudhurie darasa la wenzi: kupika, kushona na kupokea wageni. Dada aliingia kwa mlango huo. Mchana alishona vitambaa. Jioni alichukua vitabu vya mumewe, akavisoma, kisha akamuuliza maswali ambayo shemeji hakuwa na majibu yake.

Mwaka ulipokwisha, shemeji alikwenda kwa mkuu wa chuo, Mchungaji Cletus Lipande. Mazungumzo yao shemeji ametusimulia mara nyingi.

"Mkuu, mimi sijaitwa."

"Nani kakwambia hujaitwa?"

"Hakuna aliyeniambia kitu, Mkuu. Ndiyo maana nimejua."

Mchungaji Cletus alimtazama, akamwambia kwamba ni afadhali mwashi mkweli kuliko mchungaji wa kubahatisha. Akampa ruhusa ya kuondoka kwa heshima. Nyumba yao ilihitajiwa na wanafunzi wapya, kwa hiyo mizigo ikafungwa. Asubuhi dada akaenda ofisini mwenyewe.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, mama. Mizigo iko tayari?"

"Mizigo iko tayari, Mkuu. Mimi ndiye siko tayari. Katika nyumba yetu aliyeitwa ni mimi."

Jambo hilo lilipelekwa kwenye bodi ya chuo. Wakati ule kanisa lao halikuwa na mchungaji mwanamke, wala halikuwa na mpango wa kuwa naye. Mzee mmoja wa bodi aliuliza, na hakuuliza kwa ubaya, "Tukimsomesha huyu mama, akimaliza tutamweka wapi?" Dada akaitwa ndani ajieleze. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Aliwaambia, "Wazee wangu, msinitafutie pa kukaa. Nitafutieni dawati."

Walimpa dawati. Lakini ile kanuni ya wenzi ilikuwa bado ipo. Mtu mmoja akauliza kama shemeji naye atahusika, na Mchungaji Cletus akafungua kitabu cha kanuni, akasema, "Hapa imeandikwa mwenzi. Haijaandikwa mke." Basi kuanzia Januari 1995 fundi Josephat Mandoa aliketi katika darasa la kupika na kushona akiwa mwanamume peke yake katikati ya kina mama. Asubuhi anajenga, jioni anakanda unga. Maandazi yake ya kwanza, Mama Tekla, mke wa mkuu, aliyagonga juu ya meza akasema, "Josephat, haya si maandazi, haya ni kokoto." Kwenye kushona alikuwa hodari, kwa sababu alizoea kupima. Gauni la mahafali ya dada alilishona yeye. Watu walimcheka sokoni. Alikuwa akiwajibu, "Mke wangu anasoma," kisha anaendelea na safari yake.

Katika mwaka wa pili wa masomo, 1996, dada alipelekwa Kiswere kwa mafunzo ya vitendo. Hapakuwa na kanisa wala familia ya Kikristo ya kumpokea, akapangiwa chumba kwa Bwana Twalib na mkewe, Bi Mastura. Alikwenda na mahubiri aliyoyatayarisha. Wiki ya pili mtoto mchanga wa Bi Mastura alifariki kwa homa. Nyumba ikajaa watu. Dada alisimama mlangoni na Biblia mkononi, hajui aingie au atoke. Warda, dada yake Bi Mastura, alimwona akamwambia, "Kama umekuja kusimama, simama. Kama umekuja kwetu, vyombo vile pale."

Aliweka Biblia chumbani, akaosha vyombo. Aliteka maji, akatwanga, akalala ukumbini na wanawake wengine mpaka matanga yakaanuliwa. Siku moja Bi Mastura alimlalia begani, na dada akaendelea kuketi. Aliporudi chuoni msimamizi alimuuliza amehubiri mara ngapi. Akajibu, "Hata mara moja." Alama aliyopewa ilikuwa ya chini kuliko zote katika masomo yake, na ndiyo aliyopenda kuwasimulia wanafunzi wake. Bi Mastura yupo nasi hapa. Amekuja tangu juzi, amelala na familia. Jana nilimuuliza niandike nini juu ya urafiki wao. Akaniambia, "Andika alikuwa shoga yangu. Inatosha."

Dada alihitimu stashahada ya theolojia tarehe 29 Novemba 1997. Wenzake wote walitangaziwa vituo vyao siku ileile, mmoja mmoja, Kinjumbi, Nachingwea, Kilwa Masoko. Jina lake halikutajwa. Alirudi nyumbani na cheti, akafundisha watoto wa shule ya Jumapili na kutembelea wagonjwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Februari 1999 Mchungaji Cletus alimwita afundishe somo la utunzaji wa kichungaji, ambalo walimu wengine walilikwepa. Alilifundisha hadi mwaka 2024.

Namna yake ya kufundisha mnaijua. Darasani alikaa kidogo. Aliwachukua wanafunzi akawapeleka wodini, akawapeleka kwa wazee wanaoishi peke yao, akawapeleka misibani. Aliwaambia wazime simu, waketi, wale wanachopewa, wasitazame saa. Mwanafunzi aliyethubutu kumwambia mfiwa kwamba Mungu amempenda zaidi marehemu aliulizwa wakiwa njiani kurudi, "Mungu alikwambia lini? Na huyu mama alikuuliza?" Wanafunzi walimpa jina la Mama Keti. Alijua, akajifanya hajui.

Kuna jambo moja ambalo mhusika mwenyewe ameomba liandikwe. Mwaka 2008 palikuwa na mwanafunzi aliyesifika kwa kuhubiri kuliko wote. Siku ya jaribio alipelekwa kwa mjane aliyefiwa juma lile. Alisimama katikati ya chumba akahubiri hadi mjane akasinzia. Dada alimfelisha. Usharika uliomtuma ulilalamika, bodi ikamwomba dada afikirie upya, mahafali yalikuwa yamekaribia. Akawajibu, "Nikimpitisha, mtampa wajane wangapi?" Kijana yule hakuhitimu mwaka ule. Mwaka mzima uliofuata dada alikwenda naye kila mahali alikokwenda, akampikia, akamfanya mwana wa nyumbani. Kijana yule ni Mchungaji Boniface, Mwenyekiti wa Jimbo, ndiye anayeongoza ibada hii.

Katika ndoa yao, dada na shemeji walijaliwa watoto wawili, Flora na Eusebio. Wao wanasema mama yao alikuwa mkali kwa mambo mawili tu: kudanganya, na kula kabla mgeni hajafika.

Mwaka 2021 kanisa lao lilikubali wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, na jina la kwanza kupendekezwa likawa la dada. Lakini tangu mwaka 2022 moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi zikawa fupi, akawa anapumzika kati ya mlango na uzio. Tarehe ya kwanza ya kumbariki iliahirishwa kwa sababu ya ugonjwa. Ya pili, mwezi Mei 2024, mvua zilikata barabara, wageni wakakwama. Ya tatu akawa hospitalini. Viongozi walisema watasubiri apone. Alikuwapo mwanafunzi wake, Rosemary, ambaye naye alikuwa amepitishwa lakini ilionekana si adabu amtangulie mwalimu wake. Dada alimwita Mchungaji Boniface akamwambia, "Mimi niacheni. Rosemary anasubiri nini? Mimi nilishaitwa, na kuitwa hakungoji pilau."

Rosemary alibarikiwa Jumapili ya tarehe 20 Oktoba 2024. Dada aliletwa kwa bajaji, akawekwa kwenye kiti mstari wa mbele. Wachungaji walizunguka madhabahuni kumwekea mikono Rosemary, na kwa utaratibu wao asiye mchungaji hafanyi hivyo. Mchungaji Boniface alisimamisha ibada. Alimshika Rosemary mkono, akamshusha ngazi hadi kwenye kiti cha dada, akampigisha magoti pale. Akasema, "Mwalimu, tuanzie kwako." Dada aliweka mikono yake miwili juu ya kichwa cha Rosemary.

Yeye mwenyewe hakuwahi kubarikiwa. Sisi ndugu zake jambo hilo limetuuma, sitaficha. Yeye hakulalamika, au hakutaka tumwone akilalamika.

Mwezi Machi mwaka huu, 2025, hali ilibadilika. Alilazwa Lindi mjini, akatibiwa, akarudi nyumbani, akalazwa tena tarehe 4 Aprili. Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa upendo wao. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Aprili, aliomba aitwe mchungaji wa kumwombea. Mvua ilikuwa kubwa na gari la mchungaji lilikwama njiani. Wodini tulikuwa mimi, Flora na shemeji. Dada alisubiri kidogo, kisha akamgeukia mumewe, akasema kwa sauti ndogo, "Josephat, omba wewe."

Shemeji alisema, "Mama Flora, mimi sijui kuomba mbele za watu."

Akamjibu, "Watu gani? Ni mimi."

Shemeji aliinama, akaomba kwa Kimakonde. Hayakuwa maombi marefu. Alimshukuru Mungu kwa mke huyu, akamtajia Mungu jina lake kamili, akaomba asiumie zaidi. Dada akaitikia "Amina," naye akasikika vizuri. Hakusema tena. Saa nne asubuhi alivuta pumzi ya mwisho, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Ameacha mume, Bwana Josephat Mandoa, watoto wawili, Flora na Eusebio, wajukuu watatu, wadogo zake wanne, na shoga yake, Bi Mastura. Ameacha pia wachungaji na wainjilisti waliopita mikononi mwake, walio kazini tangu Kinjumbi hadi Newala, na wengi wao naona mmesimama hapa kwenye matope.

Bwana, mjakazi wako huyu alifanya kazi yako bila cheo, nawe ulimwona. Umpe sasa pumziko la amani, na siku ile umwamshe akiwa mzima, pumzi zikiwa tele.