Mwalimu wa Mwanafunzi Mmoja: Dada Salkyn Tynalieva Anastaafu

Tarehe 30 Juni 2023 dada Salkyn Tynalieva anakabidhi funguo za darasa namba mbili. Amekitumikia kituo chetu cha mafunzo ya kompyuta hapa Naryn kwa miaka ishirini na miwili, na kabla ya hapo alikaa miaka kumi na minne katika ofisi ya simu ya mji. Ukijumlisha ni miaka thelathini na sita ya kuwaunganisha watu na watu. Yeye husema alikuwa fundi nyaya tu, tusimpambe.

Kozi zake zilikuwa mbili, zote za wanaoanza: kutengeneza tovuti, na kuunganisha kompyuta katika mtandao. Mara tatu aliombwa apande akafundishe kozi za juu, mara tatu akakataa. Nilipomuuliza sababu alinijibu huku anakata kebo: "Anayejua kidogo atajitafutia mwenyewe. Asiyejua kitu ndiye anayehitaji mtu wa kukaa naye."

Siku ya kwanza ya kila kozi aliwapa wanafunzi bisibisi na kuwaamuru waifungue kompyuta, waone kwamba hakuna jini ndani. Rangi za nyaya nane zilizomo kwenye kebo aliwafundisha kwa kuziimba, na akikuta umekosea, unaziimba peke yako mbele ya darasa. Mlinzi mmoja wa benki alimaliza kozi kwa kutengeneza tovuti ya farasi wake. Wanunuzi wakapiga simu kutoka mikoa mitatu, naye akawafukuza wote. Alitaka farasi aonekane tu, basi. Dada Salkyn alimpa alama za juu kuliko wote mwaka ule.

Wengi mnamfahamu kwa hayo. Mimi nataka kusimulia jambo moja ambalo nimekaa nalo zaidi ya miaka kumi, kwa sababu nami nilikuwamo.

Vuli ya 2011 kituo kilifungua kozi katika shule ya kijiji cha Tash-Bel, mwendo wa saa nne kutoka hapa barabara ikiwa nzuri. Walijiandikisha watu kumi na wanne. Wiki ya kwanza walikuja tisa. Kisha wanaume wakaondoka kwenda kazini Urusi, wasichana wawili wakaolewa, mwingine akashindwa na baridi. Kufika Desemba alikuwa amebaki mmoja, mama Kulipa, mjane wa miaka hamsini na saba, mshona mazulia ya sufu, ambaye hakuwa amewahi kugusa kompyuta. Alikuwa na mwana mmoja huko Yakutsk, Urusi, na alitaka kuuona uso wake.

Kanuni yetu ilikuwa wazi: darasa likipungua chini ya watu sita, linafungwa. Januari nikatumwa mimi kwenda kulifunga.

Nilifika shuleni kabla ya adhuhuri. Kutoka kwenye korido nilisikia sauti ya dada Salkyn, sauti ileile ya kusomesha ukumbi mzima, nikadhani labda wanafunzi wamerudi. Nikafungua. Kompyuta tano mezani, na mbele yake mtu mmoja, amejifunga shali mbili, ameshika kalamu.

"Mwanafunzi mpya huyo?" mama Kulipa akauliza.

"Hapana, mama," nikasema. "Natoka kituoni. Nimekuja kufunga kozi."

"Basi anza na mlango, mwanangu. Baridi inaingia."

Dada Salkyn aligeukia ubao ili nisimwone akicheka. Kisha akaniomba nisubiri, kwa sababu somo lilikuwa halijaisha. Nikakaa nyuma. Alikuwa anaeleza kwamba katika kuandika ukurasa wa tovuti, kila alama unayoifungua lazima uifunge.

"Kama zizi," mama Kulipa akasema. "Ukisahau, kondoo wote nje."

"Kama zizi. Andika hivyohivyo."

Baada ya somo nilimsomea dada Salkyn barua ya kufunga kozi. Hakubisha. Alinisaidia hata kubeba kompyuta hadi kwenye gari, moja, mbili, tatu, nne. Ya tano akaiwekea mkono juu.

"Hii mbovu. Usijisumbue nayo."

Nilikuwa nimeiona ikifanya kazi dakika kumi zilizopita. Nikamtazama, naye akanitazama. Katika ripoti nikaandika: mbovu, imeachwa.

Dada Salkyn akachukua likizo yake yote ya mwaka na kubaki Tash-Bel hadi mwisho wa Februari, analala kwa mama Kulipa. Mchana walikaa na ile kompyuta mbovu. Jioni mama Kulipa alishona zulia, naye akimkatia sufu. Ilipofika zamu ya rangi za nyaya, mwanafunzi alizishika kwa siku moja. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kupanga rangi tangu utotoni. Na siku uso wa mwanawe ulipotokea kwenye kioo cha kompyuta, mama Kulipa alisahau salamu zote alizoziandaa, akasema tu: "Kwa nini umekonda?"

Ni huko ambako mama Kulipa alimuuliza dada Salkyn swali ambalo hapa ofisini hatukuwahi kuthubutu kuliuliza. Wakubwa kati yetu wanakumbuka kwamba mume wa dada Salkyn, Ishen, alikwenda Tyumen, Urusi, mwaka 2004 kwenye kazi za ujenzi, akiahidi kurudi kabla ya theluji. Alipiga simu kwa miaka miwili. Kisha namba ikawa haipatikani. Dada Salkyn hakukosa kipindi hata kimoja.

"Wewe unatufundisha kutafuta watu huko ndani," mama Kulipa alimwambia. "Wako mbona humtafuti?"

"Nilimtafuta. Nilimpata siku ya kwanza."

"Ehe?"

"Yupo. Ana mke, ana watoto wawili. Amenenepa."

"Ukamwandikia nini?"

"Nikafunga ukurasa. Nilikuwa na kipindi saa nne."

Nilimwomba ruhusa kabla ya kuyaandika haya. Alinijibu: "Andika. Naryn nzima inajua, inajifanya tu haijui."

Aprili ilikuja na upepo. Dada Salkyn alikuwa amesharudi mjini. Asubuhi moja simu ya ofisi ikalia, alikuwa mama Kulipa, anapiga kutoka ofisi ya kijiji. Intaneti ya shule ilikuwa imekatika tangu juzi, njia ya mlimani imezibwa na theluji, mafundi hawawezi kuvuka. Na siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya kujiandikisha kwa mtihani wa kuingia vyuo. Vijana saba wa Tash-Bel walikuwa wamekaa darasani wanasubiri. Siku ikipita, mwaka mzima umepita.

"Nenda kwenye kile kisanduku cha intaneti," dada Salkyn akamwambia. "Hesabu taa, kisha urudi uniambie."

Tulisubiri. Akarudi, anahema.

"Mbili zinawaka. Ya tatu imekufa."

"Basi kisanduku ni kizima. Kebo ndiyo imekatika, kati ya hapo na antena. Antena iko wapi?"

"Juu ya mnara wa maji."

Ngazi ya mnara ule naijua, ni vyuma vilivyopigiliwa ukutani, na pembeni hakuna kitu cha kushika.

"Mama, mtume mmoja wa wale vijana."

"Nimtume akafanye nini? Anazijua rangi?"

"Upepo umetulia?"

"Umetulia kiasi chake."

"Mama Kulipa, nakuomba usipande."

"Wewe ulinifundisha ili iweje?" Na simu ikakatwa.

Dada Salkyn alikaa saa mbili na nusu hajaondoka pale mezani. Chai niliyomletea ikafanya utando. Kuna wakati alianza kunong'ona zile rangi nane kwa mpangilio wake, polepole, kana kwamba kuna mtu anamfuatisha. Simu ilipolia aliichukua kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Nimekata kichwa cha zamani cha kebo nikafunga kipya," mama Kulipa akasema. "Mara ya kwanza nilikosea kijani. Vidole vimeganda. Ya pili, taa ikawaka. Watoto wanaandika majina yao sasa hivi."

"Umeshuka salama?"

"Kama sijashuka, nakupigia kutoka wapi?"

Dada Salkyn aliweka simu chini, akakusanya mabakuli yote ya chai ya ofisi, hata yaliyokuwa safi, akaenda kuyaosha.

Saba wakajiandikisha, saba wakafanya mtihani, sita wakapata vyuo, na wa saba akapata mwaka uliofuata. Hakuna hata mmoja anayeishi Tash-Bel leo. Ndiyo hesabu ya kazi yetu, tusijifiche. Dada Salkyn amepitisha wanafunzi zaidi ya mia nane. Wapo Bishkek, Almaty, Seoul, mmoja anatunza mitandao ya hospitali huko Kazan. Kila aliyemwelewa vizuri aliondoka mapema zaidi. Mama Kulipa aliutunza mtandao wa kijiji kwa miaka saba. Lakini yule mwana wa Yakutsk, kwa kumwona mama yake kila Jumapili kwenye kioo, aliona pia jinsi anavyozeeka, akaja kumchukua. Dada Salkyn ndiye aliyewasindikiza hadi kituo cha basi. Yeye na mama Kulipa bado wanaongea kila Jumapili. "Namwona vizuri kabisa," aliniambia mwaka jana. "Ila picha haikumiminii chai."

Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu nilianza na mafaili. Yalikuwa na tarehe, vyeti na barua mbili za pongezi. Nikaona haya, kwa sababu mimi ninaishi mitaa miwili kutoka kwa dada Salkyn, tumefanya kazi pamoja miaka yote hii, na sijawahi kuketi nyumbani kwake. Jumamosi iliyopita nikachukua mkate na krimu, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya nne, nikagonga.

Alifungua akiwa ameshavaa koti, na ule mfuko wake wa vifaa begani.

"Nurdin! Nini kimeharibika?"

"Hakuna kilichoharibika, dada. Nimekuja kunywa chai."

Alinitazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ya watu wengine. Kisha akashusha mfuko, akavua koti, akaingia jikoni. Nilimsikia akifungua kabati moja baada ya jingine, anatafuta bakuli la pili la chai.

Dada Salkyn, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kituo, na ya wale mia nane walio mbali, tunakushukuru. Tunakutakia afya, pumziko, na nyumba yenye wageni.

Nurdin Sharshenov
Idara ya Mafunzo