Viatu Vyenye Meno

Katika basi la Oulu, mji wa theluji na barafu, bi kizee Kerttu alitega sikio. Kwenye kiti cha mbele, bibi mmoja alikuwa akimwonyesha mzee aliyeketi kando yake kiatu. "Tazama, mzee mwenzangu! Meno ya chuma kwenye soli, hayatelezi! Leo nimevuka barafu peke yangu!"

"Kaa ndani, mama. Utavunjika nyonga."

"Mwaka jana nilikaa ndani mpaka magoti yakalegea. Nikaangukia jikoni, juu ya zulia!"

"Mimi binti yangu huniletea chakula."

"Na miguu, atakuletea?"

Basi likasimama sokoni, bibi akashuka. Kerttu, aliyekuwa hatoki tangu theluji ianze ila kwa daktari, akajikuta anamfuata mbio.

"Dada, ngoja! Vinauzwa wapi?"

"Mtavunjika wote wawili!" mzee akapaza sauti dirishani.