Alois Maige na Neno la Kimarathi Lililobaki Duarani

Baada ya miaka ishirini na mbili ya kushusha watu ardhini na, kwa neema ya Mungu, kuwapandisha wote, mwendesha winchi wetu Alois Maige, mzaliwa wa Didia, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Alianza hapa mgodini Rwamgasa, Geita, chini ya mhandisi mmoja kutoka Maharashtra, India, mtu mpole aliyetafuna pilipili kama karanga. Huyo ndiye aliyetuachia neno "thamba". Kwa Kimarathi ni "simama, ngoja". Alisema asili yake ni neno la kale sana, *stambha*, yaani nguzo: ukiambiwa thamba, unaombwa utulie kama nguzo. Kwao hata kituo cha basi huitwa thamba. Kwetu basi husimama linapojisikia, kwa hiyo neno tukalipeleka duarani, yaani kwenye shimo letu la dhahabu.

Lilitufaa: aliye chini akitaka winchi isimame, huita "thamba" badala ya jina la mtu. Chini kule wachimbaji hawaitani majina; duara likishayazoea, wanasema, litaanza kuyaita lenyewe. Alois akaona Kimarathi ni salama: nani anakijua huko? Mhandisi alirudi kwao, akafariki. Neno likabaki.

Machi mwaka huu, asubuhi, duara lilikuwa tupu, sisi wa zamu ya kwanza tumeshavaa kofia, tuko pale mdomoni mwa shimo. Sauti ikatoka chini: "Thamba." Haikuwa kali. Ilikuwa kama ya mtu anayemsihi ndugu yake.

Alois akazima winchi. Msimamizi wetu Davis alicheka, ingawa kicheko kilimkauka. "Baba Justina, mizimu ya Geita imeanza Kihindi lini? Shusha watu, au ustaafu leo!"

"Basi nastaafu leo," akajibu Alois, akachomoa ufunguo. "Tangulia wewe, bosi, ukatusalimie huyo mwenyeji."

Davis hakutangulia. Walikuwa bado wanabishana pale matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, yalipoanza kulia. Duara likajifunga. Vumbi lililopanda lilikuwa la baridi.

Ripoti ya ajali inasema tulisikia mwangwi. Mwangwi wa nani, haikutaja. Davis siku hizi husimama mdomoni kabla ya kila zamu, akisikiliza. Hakuna anayemcheka.

Wabeja sana, asante sana kwa Kisukuma chako, Baba Justina. Mvua ikunyeshee kwa wakati, ng'ombe wazae, na usingizi wako uwe mzito. Wake zetu sisi wa zamu ile wameomba kuja kwenye hafla wakushike mkono. Wakikawia kuuachia, wavumilie. Wao ndio wangekuwa wajane.