Fundi Funguo na Mlango Wake

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, kando ya baraza la duka ambapo Fundi Funguo ameweka meza yake. Asubuhi hiyo benchini tulikuwa wanne: Mwalimu Chaki aliyestaafu, kinyozi tunayemwita Utotoni, kwa sababu kwake kila jambo lilianzia huko, Bi Kikombe na birika lake la kahawa, na mimi. Fundi alikuwa mezani, tupa ya kuchongea funguo mkononi, goti likimcheza. Kwa miezi miwili alikuwa akiacha kazi mara nne kwa siku na kukimbilia nyumbani kuangalia kufuli la mlango wake. Jana yake mwenye baraza alikuwa amemwambia, "Ukiwaacha wateja hata mara moja tena, kesho usije." Sasa saa nne ilikuwa inakaribia, saa yake ya mbio za kwanza, nasi tulikuwa tumejipa kazi ya kumponya.

Mwalimu: Fundi, umefunga?

Fundi: Nimefunga.

Mwalimu: Basi tulia.

Fundi: Nimetulia.

Bi Kikombe: Umetulia, na kahawa yangu hapo mezani inamwagika kwa hilo goti.

Utotoni: Msimwonee. Fundi, ulipokuwa mdogo uliwahi kufungiwa ndani?

Fundi: Sikumbuki.

Utotoni: Mnaona! Kama hakufungiwa, angekumbuka kuwa hakufungiwa.

Mwalimu: Kinyozi, nywele za wateja zimekuingia kichwani. Mtu ni kama kuku. Kila akikuta kufuli limefungwa, moyo unatulia. Ule utulivu ndio punje ya mahindi. Kesho anarudi kudonoa. Mimi nimepiga kengele ya mapumziko miaka thelathini. Siku moja niliipiga kimakosa saa mbili, darasa zima likasema lina njaa.

Bi Kikombe: Labda walikuwa na njaa kweli.

Mwalimu: Njaa ya kengele! Dawa ni kumkalisha hapa bila punje mpaka azoee. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, ndiyo maana kuku hutaga yai moja kwa siku.

Bi Kikombe: Mnazunguka mbuyu bure. Hii ni damu. Ndege nani alimfundisha kujenga kiota? Babu yake huyu alikuwa mlinzi wa ghala.

Fundi: Babu yangu alikuwa mpiga ngoma.

Bi Kikombe: Basi wa upande wa mama.

Fundi: Huyo alikuwa mkulima.

Bi Kikombe: Na mahindi yake aliyalinda au aliyaachia nyani? Ehe! Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mlinzi halali.

Utotoni: Basi mimi naanzia mbali zaidi. Tumboni! Mama yake alifunga funguo kwenye pindo la kanga. Miezi tisa mtoto anasikia chwi, chwi, chwi. Katoka, kawa fundi funguo. Nani alimchagulia?

Fundi: Njaa.

Nami nikatia langu, maana nilikuwa nimenyamaza mno. Nikasema huenda shida ni maneno anayojiambia kichwani, hivyo ajiambie mengine: nimefunga, nimefunga. Alijiambia mara tatu, kwa utiifu. Goti likaongeza mwendo.

Mwalimu: Akiinuka, nitagonga kifuniko cha birika. Siku tatu tu atakuwa anaogopa kusimama.

Bi Kikombe: Kifuniko changu ukiache.

Fundi alikuwa tayari ameweka tupa chini. Mbele ya meza alisimama mama mmoja mshonaji, mgeni mtaani, aliyeleta ufunguo wa sanduku la cherehani yake uchongewe mwenzake. Alikuwa amesikiliza yote.

Mshonaji: Samahani, kaka. Ukikuta kufuli limefungwa, huwa unafurahi?

Fundi alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Fundi: Hapana.

Mwalimu: Hapana vipi? Na punje?

Fundi: Hakuna punje, Mwalimu. Binti yangu ana ufunguo. Tuligombana, nikamtolea maneno ambayo baba hasemi, akaondoka. Simu yangu hapokei. Mama yake alishafariki, tulikuwa wawili tu mle ndani. Nikikuta limefungwa, najua hajarudi.

Bi Kikombe akafuta kikombe kilichokwisha kukauka. Miezi miwili tulikuwa tumeeleza hofu ya mtu ambaye hakuwa na hofu ya wezi hata kidogo.

Mshonaji: Sasa ninyi mkimponya, nani atakwenda kuangalia?

Mlangoni mwa duka mwenye baraza alikuwa amejitokeza, mikono kifuani, akimtazama Fundi. Fundi alimtazama mteja, akatazama njia ya nyumbani kwake, akabaki amesimama nusu, kiti kikiwa bado kimemgusa.

Ndipo Utotoni akainuka na kukung'uta aproni.

Utotoni: Mlango wako una rangi gani?

Miaka sita tumekaa naye, na swali hilo lilikuwa la kwanza kuhusu nyumbani kwake.

Fundi: Kijani. Wa tatu baada ya bomba la maji.

Utotoni: Nikikuta kufuli halipo?

Fundi: Usiingie. Piga hodi.

Utotoni: Nikiulizwa nimetumwa na nani?

Fundi aliketi. Aliuchukua ufunguo wa mshonaji, akaubana kwenye jiliwa, akainamia kazi asituoneshe uso.

Fundi: Mwambie chai iko kwenye chupa. Nimeipika leo asubuhi, bado ya moto.